Katamarani au tumbo la V: namna ya kuchagua boti ya mwendo kasi

Mtu anayetafuta boti ya mwendo kasi kwa kawaida huanza kwa kuuliza inakimbia kiasi gani, na muuzaji humpa tarakimu bila kusita. Swali hilo si baya, ila halifai kuwa la kwanza, kwa sababu tarakimu ile hupatikana siku ambayo maji ni shwari, matangi yana mafuta kidogo na ndani wamo watu wawili tu. Swali la kwanza ni maji utakayokwenda siku nyingi za mwaka yakoje, na la pili ni mikono ya nani itakayoshika usukani. Ukiyajibu hayo mawili kwa ukweli, nusu ya uchaguzi kati ya katamarani, yaani boti ya matumbo mawili, na boti ya tumbo moja lenye umbo la V itakuwa imekwisha kabla hujaona boti hata moja.

Ninayemwandikia hapa ni mtu anayetaka boti ya kukimbia kati ya kilomita 100 na 160 kwa saa, kwa matembezi na si kwa mashindano. Katika kilomita 100 kwa saa boti hupita karibu mita 28 kila sekunde, na katika 160 hupita zaidi ya mita 44. Kwa mwendo huo umbo la tumbo ndilo linaloamua boti itafanya nini wimbi linapokuja bila kutarajiwa, nawe huna muda wa kulijadili wakati huo. Ndiyo maana inafaa kulielewa ukiwa bado nchi kavu.

Kilicho chini ya boti

Nenda mahali boti ilipopakiwa juu ya trela, uchuchumae nyuma ya shetri, yaani upande wa nyuma wa boti, na utazame chini yake kwa utulivu. Chini ya boti ya V utaona mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ulio mkali na uliopita katikati tangu omo (upande wa mbele) hadi shetri, na pande mbili za tumbo zikipanda kutoka kwenye mkuku huo kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Pembe ambayo kila upande unafanya na mstari wa ulalo ndiyo inayoipa boti tabia yake. Katika boti nyingi za V zilizoundwa kwa ajili ya kasi, pembe hiyo hukaribia digrii 24 pale shetrini, ilhali boti za kawaida za matembezi huwa na pembe ndogo zaidi. Tumbo lenye pembe kali hulikata wimbi: boti inaposhuka, mkuku hutangulia kuingia majini na sehemu pana hufuata kidogo kidogo, hivyo kishindo husambaa katika muda mrefu zaidi na mgongo wa abiria haukipokei chote kwa mara moja. Gharama yake ni kwamba tumbo la namna hiyo hukaa ndani zaidi ya maji na kuburuta maji mengi, kwa hiyo hudai nguvu kubwa ya injini ili kufikia mwendo ambao tumbo bapa lingeufikia kwa urahisi.

Ubora wa umbo hili ulidhihirika mwaka 1960, boti iliyoitwa Moppie, iliyobuniwa na Raymond Hunt na kumilikiwa na Dick Bertram, iliposhinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Kutokana na boti hiyo ikaundwa Bertram 31 iliyouzwa kwa watu wote, na tangu hapo tumbo la V lenye pembe kali likawa umbo lililozoeleka kwa boti za kukimbilia maji ya wazi.

Ukipitisha kiganja chini ya tumbo hilo utagusa matuta membamba yanayokwenda kwa urefu wa boti. Hayo huyaelekeza maji chini na nje ili boti iinuke na ubavu usilowe. Katika boti nyingi za miaka ya karibuni utagusa pia kidato kimoja au viwili vilivyokingama tumbo kutoka ubavu hadi ubavu. Kila kidato huyatenganisha maji na tumbo kwa kipande kifupi na kuvuta hewa kutoka ubavuni, hivyo sehemu inayosuguana na maji hupungua na boti hupata mwendo zaidi kwa injini ileile. Nitarudi kwenye vidato baadaye, kwa kuwa vina tabia yake wakati wa kukata kona.

Ukichuchumaa nyuma ya katamarani utaona mwanga wa upande wa pili. Kuna matumbo mawili membamba, sitaha inayoyaunganisha kwa juu, na kati yake handaki lililo wazi tangu mbele hadi nyuma. Boti inapokimbia, hewa huingia kwa mbele, hubanwa ndani ya handaki na kuisukuma boti juu, kiasi kwamba sehemu ya uzito wake hubebwa na hewa na si maji. Katika mwendo mdogo msaada huo hauonekani. Lakini nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huwa mara nne. Hii ndiyo sababu katamarani na boti ya V zenye injini zilezile huweza kwenda bega kwa bega katika mwendo wa wastani, kisha katamarani ikajitoa taratibu na kumwacha mwenzake nyuma, huku ikitumia mafuta machache zaidi kwa kila kilomita.

Katika mbio za duara umbo la handaki limetawala kwa miongo mingi. Familia ya Molinari ya Italia ilikuwa miongoni mwa walioliendeleza, na Renato Molinari alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 ya boti mwaka 1981, 1983 na 1984. Mnunuzi asisahau, hata hivyo, kwamba mbio hizo hufanyika katika maji yaliyohifadhika, ilhali Moppie ilishinda katika maji ya wazi. Kila umbo lilipata jina lake pale lilipofaa.

Yapime maji yako kabla ya kuipima boti

Kaa chini uandike safari zako kumi za mwisho majini, hata kama zilikuwa katika boti ya rafiki. Andika mawimbi yalikuwa na kimo gani, yalifuatana kwa ukaribu au kwa umbali, upepo ulianza saa ngapi, na wewe ulirudi ukiwa umelielekea wimbi au umelipa mgongo. Usiandike siku nzuri peke yake. Kumbukumbu hupenda siku nzuri, na boti nyingi zimenunuliwa kwa ajili ya siku tatu za mwaka.

Sasa chukua futi na upime kimo cha handaki la katamarani unayoifikiria, kutoka mkuku wa tumbo moja hadi dari ya handaki. Mawimbi mafupi yaliyo chini ya kimo hicho ndiyo furaha ya katamarani: hupita juu ya vilele vyake kana kwamba maji yamelainishwa, na abiria aliyezoea boti ya V hushangaa kwamba magoti yake hayafanyi kazi yoyote. Mawimbi yakikua hadi vilele vyake vikaifikia dari, mambo hubadilika ghafla. Dari ile ni bapa, na kishindo chake ni cha bapa kukutana na bapa. Hukisikii tu, bali hukipokea kwenye nyayo na kwenye meno. Katamarani kubwa yenye handaki refu kwenda juu huchelewa kufika huko, lakini ndogo hufika mapema, na kwa maoni yangu katamarani yenye urefu chini ya mita 8 ni boti ya maziwa, ghuba na mito mipana, hata kama muuzaji anasema vingine.

Boti ya V haina mpaka wa ghafla namna hiyo. Utayahisi mawimbi yote, madogo kwa makubwa, lakini kila yanapokua unapunguza moto (nguvu ya injini) kidogo na boti inaendelea kukata. Ukikutwa na hali mbaya njiani, ile nafasi ya kupunguza mwendo hatua kwa hatua ina thamani kubwa kuliko kilomita 20 za ziada kwa saa. Kwa hiyo, ikiwa katika safari zako kumi kuna nne au zaidi ambazo maji yalikuwa yamechafuka, chagua V na usitazame nyuma. Ikiwa tisa kati ya kumi zilikuwa katika maji yenye mawimbi mafupi au shwari kabisa, katamarani itakupa mwendo, utulivu na nafuu ya mafuta ambavyo V haiwezi kukupa.

Boti ikiwa imesimama hali ni tofauti tena. V yenye pembe kali huenda mrama kila wimbi la ubavuni linapopita, na wenye tumbo jepesi huanza kutapika. Katamarani husimama kama meza, na watu wanne wanaweza kuegemea upande mmoja bila kuiinamisha sana.

Kuna tabia moja ya katamarani ambayo hutaisoma katika karatasi ya mauzo. Mara ya kwanza nilipoendesha moja nilipunguza moto kwa ghafla ili kuipisha boti nyingine. Boti ikashuka, maji yakajaa ndani ya handaki yakiwa yamechanganyika na hewa iliyobanwa, na sekunde iliyofuata mchanganyiko ule ukatoka kwa mbele kwa kishindo kama cha chafya, ukarushwa juu ya omo na kutulowesha sote tuliokuwa ndani. Hakuna kilichoharibika. Somo lake ni kwamba katamarani hupunguzwa mwendo taratibu, kwa hatua, hadi ikae majini yenyewe.

Usukani ukiwa mikononi

Boti ya V inapokata kona hulala kuelekea ndani ya kona, na mwili wa abiria hubaki umekandamizwa kitini. Katamarani hukata kona ikiwa wima, kwa hiyo abiria husukumwa kwa nje, na asiye na kitu cha kushikilia hujikuta amemwangukia jirani yake. Katamarani ya kubeba familia lazima iwe na viti vyenye mbavu za pembeni na vishikio imara kwa kila mtu. Ukiona benchi refu lisilo na vishikio, uliza kwa nini.

Kwa upande wa makosa ya dereva, kila umbo lina hatari yake, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asipite haraka. Boti ya V inapokaribia mwendo wake wa juu husimama juu ya sehemu ndogo sana ya mkuku huko nyuma, na huanza kuyumba kutoka ukingo mmoja wa tumbo hadi mwingine, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu inayokua. Dereva mgeni hujaribu kuyafuata mayumbo kwa usukani na kuyazidisha. Dawa ni kupunguza moto kidogo, kuishusha pembe ya injini ili omo ishuke, na kutumia vibao vya shetrini vinavyoinamisha omo na kusawazisha pande mbili. Vibao hivyo ni silaha nzuri ya boti ya V, lakini visitumike kuikandamiza omo sana katika mwendo mkali, kwa sababu omo iliyozama huanza kuiongoza boti yenyewe na shetri ikataka kupita mbele.

Boti ya V yenye vidato huongeza jambo jingine. Katika kona kali, hewa inayolisha vidato inaweza kukatika upande mmoja au shetri ikapoteza mshiko wake kwenye maji, na boti ikazunguka ghafla kwa kasi inayoweza kuwarusha watu nje. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuingia konani, ingia kwa upana, na usiondoe moto wote ukiwa katikati ya kona. Muuzaji wa boti yenye vidato asiyekueleza hili kabla ya kukupa ufunguo hajakutendea haki.

Hatari ya katamarani iko mbele na juu. Hewa ileile inayoibeba inaweza kuiinua omo kupita kiasi hadi boti ikapinduka kinyumenyume. Upepo wa mbele huhesabika: ukienda kilomita 130 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 30, handaki linaona hewa ya kilomita 160, na nguvu ya kuinua inazidi kwa karibu nusu ya ile ambayo ingekuwapo bila upepo, ingawa kipimo cha mwendo mbele yako hakijabadilika hata kidogo. Siku ya upepo, shusha pembe ya injini na ukubali mwendo mdogo zaidi. Omo ikianza kuhisi nyepesi, punguza moto kwa upole na si kwa kuukata, kwa kuwa kuukata ghafla katika mawimbi kunaweza kuichomeka ncha ya tumbo moja ndani ya wimbi.

Je, ipi ni rahisi zaidi kwa mgeni? Katika mwendo wa wastani, katamarani yenye injini mbili ni tulivu na hunyooka, na gatini injini zake zilizokaa mbalimbali huigeuza mahali palipo finyu kwa urahisi mkubwa. Lakini utulivu huohuo hudanganya, kwa kuwa humfikisha mgeni kwenye mwendo mkali kabla hajajua amefika huko. Boti ya V hulalamika mapema: hutikisika, hupiga kelele, huyumba, na dereva huogopa kwa wakati unaofaa. Kwa boti ya kwanza ya mwendo kasi ningempa ndugu yangu V isiyo na vidato, na baada ya misimu miwili tungezungumza tena. Vyovyote itakavyokuwa, lipia siku mbili za mafunzo kwa mwalimu anayejua umbo ulilonunua, na kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini mwako kila injini inapowaka.

Mzigo, upana na fedha

Lita 300 za petroli zina uzito wa zaidi ya kilo 200, na watu sita wazima huweza kuzidi 450. Boti ya V huubeba uzito huo kwa malalamiko machache. Wakati mwingine hata huketi vizuri zaidi majini. Katamarani huusikia, hasa ukiwa umekaa nyuma sana au upande mmoja, kwa hiyo uliza matangi yako wapi na jinsi mafuta yanavyosawazishwa kati ya matumbo mawili. Anayetaka chumba chenye kitanda na mahali pa kujihifadhi mvua inaponyesha atakipata kwa urahisi zaidi ndani ya omo ya V. Katamarani humpa sitaha pana juu, na chini mashimo membamba ya kuhifadhia vitu.

Upana ndio huwashtua wengi baada ya kununua. Katamarani nyingi huzidi upana unaoruhusiwa kuvutwa barabarani bila kibali, ambao katika nchi nyingi ni takriban mita 2.5, na huhitaji trela maalumu inayoilaza boti upande. Pima lango la nyumbani, ghala na nafasi ya kuegesha kabla ya kulipa chochote. Kwa urefu uleule katamarani kwa kawaida huwa ghali zaidi kuijenga, maana kuna matumbo mawili ya kuunda na muundo wa kati unaobeba mkazo mkubwa. Ongea na kampuni ya bima mapema, kwani baadhi huuliza uzoefu wa dereva na mwendo wa juu wa boti kabla ya kutaja bei.

Ukaguzi na safari ya majaribio

Boti iliyotumika ikaguliwe ikiwa kavu na mpimaji asiye na uhusiano na muuzaji, lakini wewe pia uwepo. Gonga tumbo lote kwa ncha ya mpini wa bisibisi, kila baada ya sentimita 10: faiba iliyo nzima hutoa sauti kali na fupi, iliyoachana na kiini chake hutoa sauti nzito ya kopo lililofunikwa kitambaa. Katika katamarani tumia muda mrefu zaidi kwenye kona ambako dari ya handaki hukutana na matumbo, kwa sababu hapo ndipo matumbo mawili yanapovutana kila siku, na nyufa nyembamba kama unywele zinazokwenda sambamba kwa mstari hazipaswi kuitwa mikwaruzo ya rangi. Katika boti ya V tazama kingo za vidato, miguu ya injini na ubao wa shetri unaozibeba.

Safari ya majaribio ifanyike siku yenye upepo. Muuzaji akitaka kuisogeza hadi maji yatulie, kubali, kisha omba safari ya pili siku ya upepo. Beba idadi ya watu utakaobeba kwa kawaida, na mafuta yafike nusu ya tangi au zaidi. Anza kwa kukimbia nusu ya mwendo ukilielekea wimbi, halafu ukiwa ubavuni mwake, halafu ukilipa mgongo, kila upande kwa dakika kumi, na umwombe mtu mmoja akae kiti cha nyuma aseme anachokihisi mgongoni. Soma mwendo kwenye kifaa cha setilaiti na si kwenye kipimo cha dashibodi. Pima pia kiasi cha mafuta kinachotumika katika mwendo ambao utautumia siku nyingi, kwani huo wa juu utaugusa kwa dakika chache tu. Kama unazijaribu boti mbili, zijaribu siku moja, katika njia moja, na abiria walewale.

Kabla ya kuondoka gatini fungua mfuniko wa injini na uifute ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, iwe kavu kabisa. Katika katamarani futa ngama za matumbo yote mawili. Mkirudi, kabla hamjapeana mikono, fungua tena na upitishe kitambaa cheupe mahali palepale. Ukikuta maji, yaonje: ya chumvi yametoka nje, yasiyo na chumvi huenda ni ya mvua iliyokuwa imejificha nyuma ya kiunzi, na mkiwa katika ziwa hutajua tofauti mpaka boti ipandishwe juu ya trela na kuonekana inadondokea wapi. Usitie saini mpaka mahali hapo pamepatikana.